Namna ya Kumtazama Hondohondo Moshi na Arusha Bila Kumfukuza: Mwongozo Kamili

Malalamiko ninayoletewa kuhusu ndege huyu yanafanana kama mapacha. Mtu wa Majengo ameamka Jumamosi, kapanda bodaboda mpaka Msitu wa Rau, kafika saa tatu asubuhi. Akasikia kelele upande wa kushoto, akakimbilia. Zikahamia kulia, akakimbilia tena. Saa sita yuko mjini, matope hadi magotini, na alichoambulia ni mgongo mweupe ukitokomea juu ya miti. Mwingine anakaa Njiro, anawasikia karibu kila asubuhi nyuma ya nyumba, huu mwaka wa tatu, na hajawahi kumwona hata mmoja akiwa ametulia.

Shida si macho, wala si ubovu wa darubini. Wote wanafanya kosa moja: wanamfuata ndege. Hondohondo hafuatwi, hutanguliwa. Ujue kesho atakula wapi, ufike kabla yake, ukae.

Ninayemzungumzia hapa ni hondohondo mashavu-fedha, yule mkubwa mweusi anayepita juu ya paa zetu kwa kishindo. Ana urefu wa sentimita 75 hadi 80, mdomo mkubwa uliopinda, na dume amevaa juu yake kitu kama kofia ya rangi ya maziwa. Wale wadogo wenye midomo myekundu wanaookota wadudu chini huko nyikani ni ndugu zake, lakini mbinu za kuwatazama ni nyingine kabisa.

## Vitu vya kuandaa

Darubini ya 8x42. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi za mbele kwa milimita. Usivutiwe na ya 12 au ya 20. Inayokuza sana hutetemeka mkononi, na ndani ya msitu, ambako mwanga ni hafifu, picha inakuwa giza. Ukiazima kwa rafiki ya 8x32, hiyo pia inafaa.

Kigoda au kiti cha kukunja. Wengi hukidharau. Mtu aliyesimama hubadilisha mguu kila dakika, na ndege anaona kila mwendo. Aliyekaa hutulia.

Nguo za kijani iliyofifia, kahawia au kaki. Nyeupe na nyekundu ziache nyumbani. Usivae mabaka yanayofanana na sare za jeshi hata kama umeyakuta mnadani kwa bei nzuri, maana raia haruhusiwi kuyavaa nchini kwetu, na safari yako inaweza kuishia kituoni.

Daftari na penseli. Wino huyeyuka manyunyu yakianza, penseli haiyeyuki.

Mabuti, koti jepesi la mvua, maji, na kitambaa kikavu cha pamba. Kitambaa ni cha lenzi. Asubuhi za Juni na Julai, Arusha ikiwa imefunikwa na ukungu wa Meru, darubini inaingia mvuke kila ukiisogeza karibu na pumzi yako.

Mwenyeji. Kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la Wachagga lenye migomba na kahawa, ni mwenye kihamba. Rau ni mtu anayezijua njia za msitu ule. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha ni askari wa hifadhi mwenye silaha, na hilo halina mjadala, kwa sababu nyati wako mlemle mnamotembea.

Kamera sikuiweka makusudi. Ziara zako tatu za kwanza nenda bila kamera. Mwenye kamera hutaka kusogea, na kusogea ndiko kunakoharibu kila kitu.

## Hatua ya 1: Mjue kwa sauti na kwa mgongo

Anza ukiwa nyumbani, hata wiki nzima kabla ya kutoka. Mabawa yake yana ngurumo. Chini ya bawa, mashina ya manyoya makubwa ya kurukia hayakufunikwa kama ya ndege wengine, hivyo hewa inapenya katikati yake. Akipita karibu utasikia mfululizo wa pumzi nzito, *hwuu, hwuu, hwuu*, kama mtu anayekung'uta blanketi barazani. Ukisikia hivyo inua macho mara moja, kwa sababu yuko juu yako.

Sauti ya koo lake ni nzito na ya puani, kwaa-kwaa ya kukoroma inayosafiri mbali. Kama unachosikia ni kilio cha mtoto mchanga, *nyaa, nyaa, nyaaa*, kinachopanda na kushuka, huyo ni ndugu yake aitwaye fimbi. Fimbi ni mdogo kidogo, tumbo lake jeupe linapanda hadi karibu na kifua, na bawa lake likifunguka ukingo wa nyuma una mstari mweupe. Mashavu-fedha akiruka, mabawa yake kwa juu ni meusi matupu, weupe unaanzia mgongoni chini na kuteremka hadi kwenye kitako. Kwa kuwa wengi humwona akiwa anaondoka, mgongo ndiyo alama ya kwanza ya kuikariri.

Dume na jike hutofautishwa na kofia. Ya dume ni kubwa, imesonga mbele karibu kuifikia ncha ya mdomo. Ya jike ni fupi na imelala. Kijana hana kofia ya kueleweka. Usiihofie shingo yake kwa ule mzigo: kofia ni nyepesi kwa ndani, na pingili mbili za juu za shingo zimeungana kuubeba mdomo.

Utajua umefanikiwa ukiweza kusema "mashavu-fedha, dume" kabla hajatoweka, bila kutumia darubini.

## Hatua ya 2: Tafuta mti, usitafute ndege

Hapa ndipo watu wote wanaponipotea, kwa hiyo nitakaa.

Chakula kikuu cha hondohondo huyu ni matunda, na juu ya matunda yote ni yale ya jamii ya mkuyu na mitini ya porini. Huongezea wadudu, na hata makinda ya ndege wengine akiyapata, lakini tumbo lake linaendeshwa na matunda. Sasa mkuyu una tabia moja ambayo ukiielewa umemaliza nusu ya kazi: hauzai kidogokidogo mwaka mzima kama mpapai. Mti mmoja hujaa, matunda yakaiva karibu kwa pamoja, ukaliwa kwa siku chache hadi wiki kadhaa, kisha ukabaki mtupu. Jirani yake wa aina ileile anaweza kuiva miezi miwili baadaye. Ndege wanahama kufuata kuiva huko. Ndiyo maana uliwaona wengi mahali fulani mwezi wa pili, ukarudi mwezi wa nne ukakuta kimya, ukadhani wameisha.

Kwa hiyo chora ramani ya miti. Zunguka mtaa wako, au kijiji cha shangazi yako kule Kibosho au Machame, uandike kila mkuyu na kila mtini mkubwa unaoujua. Sita inatosha. Kisha kila wiki pita uitazame. Kazi hii ni ya mchana, wala haihitaji darubini, unaweza kuifanya ukitoka sokoni.

Angalia mambo matatu.

Kwanza rangi. Matunda mabichi ni ya kijani na magumu. Yakianza kuwa ya njano, chungwa au wekundu, na mengine yakiwa yameshaanguka na kunuka utamu, mti uko tayari.

Pili, kilichoko ardhini. Inama utazame. Matunda yaliyoumwa nusu na kutupwa ni kazi ya kima na tumbili. Makapi yaliyokamuliwa na kutemwa kama vidonge ni ya popo, wamekula usiku. Hondohondo humeza zima. Ulimi wake ni mfupi, haufiki ncha ya mdomo, kwa hiyo hulishika tunda kwa ncha, hulirusha nyuma, nalo huingia kooni. Mbegu kubwa huzicheua baadaye zikiwa safi, bila nyama. Ukikuta chini ya tawi moja kijilundo cha mbegu safi za miti ambayo haipo hapo, basi tawi hilo ni mahali anapopumzika. Hapo weka alama kwenye daftari.

Tatu, waulize watu. Mama anayekata majani ya ng'ombe chini ya mti ule kila asubuhi anajua kuliko mimi na wewe. Msalimie kwanza, "Shikamoo mama," ngoja marahaba, ongea habari za kahawa na mvua, halafu ndipo uulize yale madege makubwa yenye kelele huja saa ngapi. Nimepewa majibu ya uhakika mpaka tawi: "Wanakuja wakati watoto wanaenda shule, wanakaa lile lililokauka."

Mahali pa kuanzia. Moshi mjini, mitaa yenye miti mikubwa ya zamani kama Shanty Town inatosha kabisa. Msitu wa Rau uko kilomita chache tu kutoka katikati ya mji, ni msitu unaotegemea maji ya chini ya ardhi, wenye miti mirefu ya mivule na misoo, na humo andaa masikio kwa fimbi pia. Pita kwanza kwa wasimamizi wa msitu, ulipie kiingilio, chukua mtu wa kukuongoza. Uwe macho na siafu, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, njia zake hugeuka tope tupu.

Arusha, pita kwenye bustani za Sekei, Ilboru na kando ya Mto Themi. Lakini ukiweza siku moja jipe zawadi ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Nenda ukingo wa kreta ya Ngurdoto. Kushuka ndani hakuruhusiwi, na kwa kazi yetu huhitaji kushuka: ukiwa ukingoni unatazama vilele vya miti kutoka juu, na hondohondo wanapita *chini* yako. Ile migongo myeupe inayowaka juu ya kijani kizito, hakuna mahali pengine ninapopafahamu pa kuiona hivyo.

Utajua umefanikiwa ukiwa na mti mmoja ulioiva, ambao umeshaukagua chini yake, na ambao una ruhusa ya mwenyewe kuukalia.

## Hatua ya 3: Fika kabla yao

Kwetu huku jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi, kutegemea mwezi. Hondohondo hulala kwa makundi na hutoka kwenye miti yao ya kulala mapema. Wewe uwe umeshakaa mwanga unapoanza kutofautisha jani na tawi.

Sababu yake ni nyepesi. Ndege akifika akukute umeshatulia, wewe ni sehemu ya mahali. Wewe ukifika umkute, wewe ni adui anayekuja. Ni watu haohao na nguo zilezile, ila matokeo ni tofauti kabisa.

Onyo: usitembee peke yako gizani kuingia Rau wala shamba la mtu. Mbwa wa kihambani hawajui kuwa unapenda ndege. Panga na mwenyeji tangu jana yake, akufungulie.

## Hatua ya 4: Kaa mahali sahihi

Kaa hatua 30 hadi 40 kutoka kwenye shina, jua likiwa mgongoni kwako. Ukikaa chini ya mti kabisa utaona matumbo na majani, na shingo itauma. Ukilitazama jua, ndege mweusi atakuwa kivuli kisicho na maelezo, hata mashavu yaliyompa jina hutayaona. Mwanga ukimpiga kutoka upande wako, ncha za manyoya ya shavuni humetameta kama majivu ya fedha, na weusi wa mabawa unageuka kijani na buluu.

Jiegemeze kwenye kitu: mgomba, ukingo wa mfereji, boma la mawe. Umbo la mtu mzima wazi dhidi ya anga linawatia wasiwasi. Simu iwe kimya kabisa, hata mtetemo.

Kisha usifanye lolote kwa dakika 40. Najua ni ndefu. Ndani ya hizo dakika watapita kwanza ndege wadogo, labda na mbega. Wakianza kula bila kukujali, hondohondo akitokea juu ataona mahali pana amani na atashuka.

Usipige rekodi ya sauti yao kutoka kwenye simu ili waje. Watakuja kweli, lakini watakuja kwa hamaki kutafuta mvamizi, na utakachokitazama ni ugomvi ulioutengeneza mwenyewe. Na usirushe droni. Nchini kwetu inahitaji kibali, na kwao ni mwewe mwenye kelele.

Utajua umefanikiwa wakitua na kuanza kula. Kama wametua wakanyoosha shingo, wakakutazama kwa jicho moja na kunguruma bila kula, usisimame. Inamisha uso, shusha darubini, subiri. Mara nyingi hurudi kwenye matunda ndani ya dakika chache.

## Hatua ya 5: Tazama anachofanya

Ukishampata, acha kuhesabu ndege. Chagua mmoja, mkazie macho kwa dakika 10 bila kuhama.

Utaona anavyochagua. Hugusa tunda kwa ncha ya ule mdomo mkubwa, taratibu, kama mama anayepapasa parachichi sokoni, halipendi, analiacha, anahamia la pili. Halafu analirusha kooni kwa mtikiso mmoja wa kichwa. Usitegemee kwamba kila tunda lililopotea limeliwa. Mengi yanakaa kooni, hasa kwa dume mwenye mke.

Utaona pia dume akicheua tunda na kulishika kwenye ncha ya mdomo, akimnyoshea jike. Akilipokea, jozi hiyo iandike, na uandike walikoelekea walipoondoka. Dume anayemlisha jike hadharani anaweza kuwa njiani kuelekea kwenye kiota, na mwelekeo wao utakusaidia hatua inayofuata.

Jambo jingine la kulitazama ni wanavyopanda miti bila kujua. Mbegu wanazomeza huangushwa mbali na mti mama. Kule Amani, Milima ya Usambara, mti mgeni uitwao mhesi ulioletwa na watu umeenea msituni, na hondohondo huyuhuyu ni miongoni mwa waliousambaza. Ukitazama kihamba cha zamani ukaona mkuyu umeota mahali ambapo hakuna aliyeupanda, unajua wa kumshuku.

## Hatua ya 6: Kiota

Nimeiweka hatua hii mwishoni mwishoni kwa sababu haifai kwa mtu ambaye hajazoea kukaa kimya kwanza. Hapa kosa lako hulipi wewe.

Hondohondo hutaga ndani ya tundu la mti mkubwa, juu sana, mara nyingi mita kumi au zaidi kutoka ardhini. Jike huingia humo, na mlango unakandikwa kama ukuta wa nyumba ya udongo. Dume humeza udongo, huucheua ukiwa vidonge vilivyolowa mate, na jike aliye ndani huupaka mpaka unabaki mwanya mwembamba wa wima. Hatoki tena. Atalalia mayai, moja au mawili, kwa siku zipatazo 40, atalea kinda, na atakaa humo karibu miezi minne kwa jumla. Siku zote hizo chakula chake na cha mtoto kinapitia kwenye ule mwanya, kutoka kwa dume peke yake.

Hesabu iliyofanywa Amani kwa ndege wa aina hii ilikadiria kuwa dume mmoja alileta matunda 24,000 katika safari 1,600 ndani ya siku 120. Igawe mwenyewe: safari 13 kwa siku, matunda 15 kila safari. Mchana wetu una saa 12, kwa hiyo anakuja mara moja katika muda unaokaribia saa nzima. Ndiyo maana nasema, ukikaa nusu saa mbele ya kiota ukaondoka ukisema ni kitupu, hujakaa. Saa mbili ndicho kipimo cha chini.

Na hesabu hiyohiyo ndiyo inayoonyesha ubaya wa kumzuia. Mara ya kwanza nilipoonyeshwa kiota, kihambani huko Kibosho, tulikuwa watatu na tulikaa karibu mno, hatua 15 labda, kwa furaha tu. Dume alikuja koo limemvimba. Akatua mti wa pili, akatutazama, akaondoka. Akarudi, akatua, akaondoka. Mama mwenye kihamba alikuwa anapalilia pembeni. Aliweka jembe chini akatufuata.

"Wanangu, mmekaa hapo tangu saa ngapi?"

"Tangu saa moja, mama."

"Na sasa ni saa nne. Basi yule mama humo ndani hajala tangu asubuhi, na ana mtoto. Sogeeni kule kwenye mfereji."

Tulisogea. Hazikupita dakika kumi, dume akatua mlangoni. Alijishika kwenye gome, mkia ameukandamiza kwenye shina, akapinda shingo, na tunda jekundu likatokea kwenye ncha ya mdomo. Ncha ya mdomo wa jike ikatoka kwenye mwanya, ikalichukua. Likaja la pili. Nilihesabu 19. Yaliyotangulia kuletwa na kurudishwa siwezi kuyahesabu.

### Namna ya kukipata

Tafuta dume anayesafiri peke yake, anayetoka kwenye mti wa matunda kwenda upande uleule mara tatu. Usimkimbilie. Mara ya kwanza tazama alikopotelea. Siku ya pili kaa pale alipopotelea, utazame anakoendelea. Viota viwili nilivyovifuatilia vilipatikana siku ya tatu na ya nne.

Ukikaribia, soma ardhi tena. Chini ya kiota kuna mbegu nyingi zilizomwagika, michirizi ya kinyesi kwenye shina kwa sababu walio ndani hujisaidia kupitia mwanya, na mara nyingine miche midogo ya aina nyingi imeota kwa pamoja kama kitalu. Inua macho taratibu: utaona kovu la udongo lenye rangi tofauti na gome.

### Sheria ambazo sizilegezi

Kaa mita 50 au zaidi, yaani hatua zako 70 za kawaida, upande wa pembeni, si mbele ya mlango.

Dume akifika koo limejaa, akatua jirani, na dakika 10 zikapita hajaenda mlangoni, wewe ndiye kizuizi. Ondoka kwa kurudi nyuma polepole, uongeze hatua 30.

Saa mbili kwa siku, siku moja kwa wiki. Watu watatu wasizidi.

Usikate tawi ili uone vizuri. Tawi hilo linakificha kiota kwa wengine pia.

Usitaje mahali kilipo. Usiweke picha yenye mti unaotambulika, wala usimwambie dereva wa boda aliyekuleta. Makinda huchukuliwa, na kwa kuwa mama amefungiwa humo, mtu akipanda anawakuta wote wawili.

Ukisikia mwenye shamba anapanga kukata mti wenye kiota, nenda ukamwone, kwa heshima, na mkubwa wa familia au balozi akiwepo. Mweleze kuhusu ile miezi minne. Ombi la kusubiri mavuno ya kahawa yaishe ni jepesi kukubaliwa kuliko ombi la kutokata kabisa, na kwa kinda lililoko ndani muda huo unaweza kuwa ndio uhai.

Utajua umefanikiwa ukimwona dume akilisha hadi tunda la mwisho, kisha akaondoka bila hata kugeuka upande wako.

## Hatua ya 7: Jioni

Hii ni rahisi, na inawafaa wenye watoto au wazee wasioweza kuamka alfajiri. Kuanzia saa kumi na moja jioni, kaa mahali palipo wazi penye kuonekana anga upande wa mlimani au mtoni. Hondohondo hurudi kulala kwa makundi, wawili, watano, wakati mwingine makumi kwa mfululizo, na hufuata njia zilezile siku kwa siku. Hesabu na uandike saa na mwelekeo. Jioni tatu zikilingana, umepata njia yao, na asubuhi utawasubiri kwenye njia hiyohiyo wakitoka.

Usiufuate mti wa kulala gizani wala usiumulike kwa tochi. Wakitishwa usiku huruka ovyo na kujigonga.

## Hatua ya 8: Andika, hata kama hukuona kitu

Kila ziara iwe na mistari mitano: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, mti gani na hali ya matunda, ndege wangapi na jinsia zao, na wameelekea wapi. Siku uliyotoka patupu iandike pia, pamoja na hali ya mti. Baada ya mwaka mmoja utakuwa na kalenda ya miti yako sita, kitu ambacho hakuna mtu anaweza kukuuzia, na utaacha kubahatisha.

Kwa waliopata kiota kuna ukurasa mmoja wa ziada. Siku utakayokuta kovu la udongo limevunjwa na mlango uko wazi, usisogee bado. Tazama matawi ya jirani kutoka palepale ulipozoea kukaa. Jike hutoka pamoja na kinda lake, manyoya ya mkia yamechakaa kwa kubanwa, na kinda hulitambua kwa mdomo usio na kofia na kuruka kwa kusitasita. Dume bado atakuwa analisha. Wape wiki mbili kabla ya kukaribia shina.

Kisha nenda uokote vipande vya udongo vilivyoanguka chini ya mti. Ni vigumu kama tofali, na ukivivunja utakuta mbegu na maganda yamekandwa ndani yake. Andika tarehe. Jozi hurudia tundu lilelile kama mti bado umesimama, kwa hiyo mwaka unaofuata, mwezi mmoja kabla ya tarehe uliyoona wameziba, anza kupita pale kila wiki. Chungulia kama kuna dume anayetua kwenye udongo uliolowa kando ya mfereji.